Kukimbia ukiwa chuoni Dodoma: jibu kwa mdogo wetu wa mwaka wa kwanza

Mdogo wangu uliyeleta mada, nimesoma swali lako mara mbili. Umepangiwa chuo Dodoma, ulikimbia mita 1500 hadi ukaingia timu ya mkoa UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, na sasa kaka yako anakwambia uachane na mbio kwa sababu "wanamichezo ndio wanaodisko", yaani wanaofukuzwa chuo kwa kufeli. Umeona pia habari kwamba wanafunzi wa Marekani siku hizi wanalipwa na vyuo vyao kwa kucheza, ukauliza kama na sisi tunaelekea huko. Mwisho umeuliza uje na viatu gani. Wadau waliotangulia wamekujibu kwa mstari mmoja mmoja. Mimi naomba univumilie, maana hili swali nimeliishi.

Nimesoma hapa Dodoma kuanzia 2017 hadi 2020 na nilikimbia mita 5000 timu ya chuo miaka yote mitatu. Chuo sitakitaja. Nyumbani ni Singida, na kwa sasa nafanya kazi hapa hapa mjini.

Semista ya pili ya mwaka wa kwanza timu ilisafiri kwenda mashindano ya vyuo mkoa mwingine, siku nane. Kabla ya safari tuliandikiwa barua moja ya wote: majina, namba za usajili, tarehe, muhuri. Tukaambiwa barua itafika idara zote, sisi tukakimbie tu. Nikapanda basi sina wasiwasi kabisa. Siku ya nne, tumelala kwenye magodoro ndani ya darasa la sekondari moja, jamaa tuliyekuwa tunasoma naye akanipigia: mwalimu wa takwimu ametoa testi ya pili, watu wanaingia saa nane mchana. Nilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita mia nne.

Niliporudi nikaenda ofisini kwa mwalimu. Barua hajaiona. Nikaenda idarani, haipo. Ofisi ya michezo wakasema wao walishaipeleka. Masjala wakapekua daftari lao, hakuna. Wiki tatu nimezunguka kati ya majengo yale na nakala ya barua kwenye bahasha ya kaki, juani, mpaka walinzi wakawa wananijua kwa jina. Mwalimu mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Kijana, nakuamini, lakini siwezi kumtungia mtu mmoja testi bila karatasi kwenye faili." Mara semista ikaisha. Koswek yangu, yaani alama za testi na kazi za semista, ikatoka 17 kati ya 40, kwenye UE, mtihani wa mwisho wa semista, nikapata 22 kati ya 60. Jumla 39. Nilikosa alama moja tu ya kufaulu, nikapata sapu, yaani kurudia mtihani Septemba.

Wenzangu walienda makwao, mimi nikabaki hosteli peke yangu nikisubiri Septemba. Unaijua Septemba ya Dodoma? Upepo haulali, vumbi linaingia hadi kwenye daftari lililofungwa, maji yanatoka usiku wa manane na ukisinzia umelala bila kuoga. Mama alipiga simu kuuliza mbona sirudi, nikamdanganya kwamba kuna mafunzo. Uongo ule unaniuma hadi leo.

Sasa mtu akiniona pale, kama kaka yako anavyoona kwa mbali, atasema si unaona, mbio zimemfelisha. Hapana. Mazoezi yetu yalikuwa saa kumi na moja alfajiri, saa moja nishaoga nipo kwenye kimbweta, meza ya nje ya kusomea. Nilikuwa nasoma kuliko wenzangu chumbani waliokuwa wanalala hadi saa tatu. Kilichonifelisha ni karatasi iliyoshindwa kutembea kutoka jengo moja hadi jingine, na hapakuwa na mtu yeyote ambaye kazi yake ni kuhakikisha inatembea.

Mwaka wa pili nikabadilika. Ratiba ya mashindano ikitangazwa tu, nachapisha barua yangu mwenyewe, naipigisha muhuri, kisha namfuata mwalimu mmoja mmoja wiki mbili kabla. Nilikuwa simwambii "nitasafiri". Nilikuwa namwuliza: mwalimu, testi yako ni lini, na kama itaangukia siku hizi naomba niifanye kabla au nikirudi. Akikubali, anasaini kwenye nakala yangu. Walimu sita niliowafuata mwaka ule, watano walisaini bila maneno. Wa sita alikataa, na ile safari sikwenda. Nilikaa darasani nikafanya testi huku nikijua wenzangu wapo kwenye mstari wa kuanzia. Iliniuma, lakini uamuzi ulikuwa wangu na nilijua nimeufanya kwa nini. Nilimaliza na GPA ya 3.6, apa sekondi, yaani daraja la pili la juu, na ile sapu ikiwemo humo humo.

Kuhusu Marekani. Ulichosoma ni kweli: tangu Julai 2021 mwanamichezo wa chuo kule anaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia jina na sura yake, na kuanzia Julai mosi 2025, baada ya kesi ndefu mahakamani, vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Ukomo wa mwaka wa kwanza uliwekwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja. Lakini angalia fedha hizo zinatoka wapi: haki za televisheni na viingilio vya mpira wao wa Kimarekani na kikapu. Sisi hata fainali ya vyuo inachezwa watu wakiwa wamesimama chini ya mti bure. Kwa hiyo usije Dodoma ukisubiri chuo kikulipe, utaumia. Na hata kule, mkimbiaji wa mita 1500 si yeye anayepata mgao mnono.

Ninachokitamani mimi kwa Wamarekani ni kitu walichokuwa nacho muda mrefu kabla ya malipo haya. Mkimbiaji wetu Suleiman Nyambui alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Texas kule El Paso alipochukua medali ya fedha ya mita 5000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Hiyo na ile ya Filbert Bayi ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, michezo hiyo hiyo, ndizo medali pekee za Olimpiki tulizonazo mpaka leo. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akacheza kikapu chuo kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akawa wa pili kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya wote wa mwaka ule kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Nyambui na Thabeet wote walikuwa wanafunzi. Kule chuo kinaajiri watu wa kufuatilia masomo ya wanamichezo, kuna kanuni inayozuia mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na usipofikisha alama huchezi. Yaani ratiba ya darasa na ratiba ya uwanja zina mtu anayezisoma pamoja. Hicho ndicho kinachotukosa, na hakihitaji dola milioni 20. Kinahitaji mfanyakazi mmoja mwenye baiskeli na daftari la kusainisha. Nimelisema hili kila nilipopata nafasi na nitaendelea kulisema.

Wengi mtaniambia mbona Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, hakupitia huko. Ni kweli, Simbu ni wa kwetu Singida na ni askari wa JWTZ, jeshi letu. Septemba 2025 usiku wa manane kwa saa zetu nilikuwa macho nimeshika simu, intaneti inakwama kila dakika, nikamwona anaingia uwanjani Tokyo nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani. Mita za mwisho zile sikupumua. Wote wawili wameandikiwa saa 2:09:48, na Simbu ameshinda kwa sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Nililia, sioni aibu kusema. Asubuhi yake barabarani nilikuta vijana wanakimbia ambao sijawahi kuwaona. Lakini askari mwanariadha ana ajira, na mkuu wake anajua kwamba mazoezi ni sehemu ya kazi. Mwanafunzi hana hata mmoja wa kumsemea hivyo. Tunajiandaa kupokea AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, viwanja vinajengwa, nafurahi sana, ila wapo mabinti vyuoni wanaocheza netiboli kwenye udongo wenye kokoto na hakuna anayejua wanakosa testi ngapi.

Nikurudie wewe. Sababu yangu ya kukwambia ukimbie si medali. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa ajili ya korona, tukarudishwa nyumbani. Nilikuwa mwaka wa mwisho, tasnifu haijakamilika, hatujui tutarudi lini. Vijana wengi niliosoma nao walivurugika miezi ile, wengine wakaanza pombe. Mimi kila alfajiri nilikuwa natoka, napita kwenye mashamba ya alizeti, nakimbia mpaka jua linachomoza, narudi naandika kurasa mbili. Hakuna kocha, hakuna timu. Ule mwili ulishazoea kuamka, ukaniamsha. Tulipofungua Juni mosi tasnifu yangu ilikuwa tayari kwa msimamizi. Na watu wanne wa timu ile ndio waliosimama na mimi msiba wa baba ulipotokea, walitoka mikoa minne tofauti.

Mambo madogo. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi: kwa sasa posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, sisi tulikuwa na 8,500 hadi walipopandisha 2022 kwa wadogo zetu. Mkimbiaji anakula, na mwezi wa pili bila bumu ndio utajua. Nunua mchele na maharage ya jumla siku fedha inapoingia, na usidharau ugali wa uwele na mlenda wa Wagogo, ni chakula cha kukimbilia hasa. Bima ya afya lipia mapema ile 50,400 ya mwaka. Niliteguka kifundo cha mguu mazoezini na kadi yangu ilikuwa bado haijatoka, X-ray nililipa mfukoni. Pia, Dodoma iko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kama unatoka Pwani wiki mbili za kwanza utahema, usiogope. Juni na Julai alfajiri ni baridi kweli, beba sweta.

Viatu: usinunue vipya vya laki na nusu dukani. Viatu vya mtumba vizuri vinapatikana sokoni Sabasaba, nenda asubuhi, vikunje katikati, soli ikikunjika bila kurudi, acha. Soli iwe nene kidogo hata kama inaongeza uzito. Njia zetu zimejaa mbigiri, hasa mvua zikishakatika na majani yamekauka, na mwiba wake unapita soli laini kama sindano. Mimi nilikuwa natembea na kibano kidogo mfukoni. Na wewe beba.