Unamfumia mtu hujawahi kumwona? Uliza kwanza, sindano baadaye

Meseji zimejaa na nyingi ni za watu wanaomfumia mtu ambaye hawajawahi kumtia machoni. Haya twende, ila wale wa "anti nipe patani" bila kusema patani ya nini, leo sina habari na nyie.

Mwanangu yuko Oslo, mkewe anajifungua Januari, huyo mkwe nimemwona kwenye simu tu. Nataka kumfumia mjukuu sweta nene la kuzaliwa nalo, lenye kofia na kamba ya kufunga shingoni, pamoja na blanketi la matundumatundu. Itafaa? (Bibi mtarajiwa, Tanga)

Shkamoo mama, na hongera. Sasa tuanze na saizi maana ndo mnapokosea wengi. Nguo ya kuzaliwa nayo mtoto anaivaa wiki chache tu, kifurushi kikichelewa njiani kidogo basi mtoto keshaipita. Utaambiwa fuma ya miezi sita, kule Ulaya saizi wanaandika kwa urefu wa mtoto kwa sentimita, 56, 62, 68 na kuendelea, na 68 ndo kama miezi sita. Haya hesabu mwenyewe: mtoto wa Januari miezi sita inamkuta Julai, na Julai Oslo ni kiangazi, sweta nene litalala kabatini mpaka limkatae. Kwa hiyo ama ufume 62 avae Machi na Aprili ambako bado baridi ipo, ama uruke mpaka 80 alivae baridi ya mwaka unaofuata akiwa anajifunza kutembea. Mimi ningefuma 80, lina nafasi hata posta wakivuta miguu.

Lifunguke mbele lote kwa vifungo, kitoto kichanga kuvutiwa nguo kichwani ni kilio tu, na hivyo vifungo vishone kwa uzi imara uvivute kwa nguvu kabla hujafunga kifurushi. Kamba ya shingoni toa kabisa. Ulaya wana kiwango cha usalama, EN 14682, nguo za watoto wadogo mpaka miaka saba zinazouzwa hazitakiwi kuwa na kamba ya kuvuta kichwani wala shingoni, kwa sababu zinanasa na kunyonga. Lako haliuzwi, najua, ila shingo ya mtoto ni ileile. Blanketi la matundu nalo vidole vinanasa, na madaktari wa watoto wanakataza blanketi lisilobana kwenye kitanda cha mtoto chini ya mwaka, hivyo kama lazima ulifume basi fuma lisilo na matundu, la kutandika sakafuni achezee au la kumfunika kwenye kigari mama yake akiwa anamwona.

Uzi sasa. Wanorwei wenyewe wanawavalisha watoto sufu tangu wachanga, so usiogope sufu, ila tafuta ambayo lebo inaruhusu mashine ya kufulia. Sufu ya kawaida ukiichanganya na maji ya moto na msuguano inasinyaa, sweta la mtoto linatoka la mwanasesere. Lebo yenyewe itume pamoja na zawadi. Na mama, nakuomba, usipige simu kila wiki kudai picha mtoto kavaa. Huyo mkwe hujakaa naye hata siku moja, usianze naye kwa ukaguzi.

Anti, kofia naanza na vitanzi vingapi?

Ya nani? Uzi gani? Sindano namba ngapi? Hili swali naulizwa mpaka naota. Vitanzi 100 kwa mkono (yaani unavyokaza au kulegeza uzi ukifuma) unaotoa vitanzi 20 kila sentimita 10 ni kofia ya sentimita 50, mtu mzima anavaa. Vitanzi hivyohivyo 100 kwa mkono unaotoa 25 ni sentimita 40, hiyo ya mtoto wa miezi michache. Fuma kipande cha majaribio, kifue, kikauke, weka rula, hesabu. Mkishamaliza ndo mniandikie.

Nina mchumba Muscat, tumejuana kwenye simu mwaka sasa, hatujaonana. Nataka kumsapraizi na sweta.

Muscat? Mwezi wa sita joto linafika 40 na zaidi, hilo sweta atalivaa wapi, kwenye friji? Halafu wafumaji wa Ulaya na Marekani wana imani yao kwamba ukimfumia mpenzi sweta kabla ya ndoa anakukimbia. Mimi siamini, ila naamini kwamba mwanaume wa mwaka mzima anayekwepa kupiga simu ya video (hukusema, ila meseji yako ndefu nimeisoma yote) hastahili hata soksi. Na akikuomba hela ya "kukomboa mzigo wa zawadi" airport, funga hiyo simu.

Naenda kutambulishwa Moshi mwezi wa saba, mama mkwe simjui kabisa. Nimfumie nini?

Shali. Haina saizi, na Moshi mwezi wa saba itavaliwa jioni hiyohiyo. Rangi muulize mchumba wako, akisema "yoyote tu" muulize dada yake.

Sisi ni kikundi cha kina mama Mbeya, tunataka kufuma kofia, sweta na vibuti vya watoto njiti tupeleke hospitali. Tuanzie wapi?

Anzieni kwa nesi mkuu wa wodi, kabla hata ya kununua uzi. Nimeona vikundi vinapeleka marundo ya sweta za kupendeza, watu wanapiga picha, wanaondoka, na sweta zinabaki kwenye boksi kwa sababu wodi ilikuwa inahitaji kofia na soksi. Njiti wengi wanalelewa kwa kangaruu, kifua kwa kifua na mama, utaratibu ulioanzia Bogotá kule Kolombia mwaka 1978 walipokuwa na upungufu wa mashine za kutunzia njiti. Kwenye kangaruu mtoto anavaa nepi, kofia na soksi basi, joto linatoka kwenye ngozi ya mama, ukimvika sweta umeweka ukuta katikati.

Vichwa ni vidogo kuliko mnavyofikiria. Aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 28 ni kama sentimita 26 kuzunguka, chungwa kubwa hivi, wa wiki 32 kama 29, wa 36 kama 33. Kofia iwe pungufu kidogo ya kichwa ili ikae: kwa kichwa cha 29, uzi wa vitanzi 22 kila sentimita 10, anza na vitanzi 56, fuma mbili juu mbili chini mpaka mwisho, inavutika vizuri. Pamba au akriliki laini isiyo na manyoya, jaribuni shingoni kwenu, ikiwawasha nyie achaneni nayo. Muulizeni nesi wanafuaje, kama wanachemsha basi pamba. Hamna vifungo, hamna utepe, hamna kishada juu. Fueni kwanza kwa sabuni isiyo na manukato. Na picha za watoto wa watu msipige, hata mama akiwa amelala.

Nafumia sweta binti wa rafiki wa dada yangu, simjui, uzi umeisha nimebakiza mkono mmoja na dukani Kariakoo rangi iliyopo imechuja kidogo.

Hukusoma namba ya rangi kwenye lebo, wala hukununua donge la akiba. Sasa fumua ule mkono uliokamilika, halafu mikono yote miwili fuma mistari miwili uzi wa zamani miwili mpya, na upindo wa chini ufanye hivyohivyo. Huyo binti hakujui na hajui ulipanga nini, ataona sweta la mistari. Ila usimwekee kikaratasi cha kumwomba radhi ndani, maana hapo ndo ataanza kukagua.