Kushukuru wakati mwili bado haujapona

Mgonjwa akianza kupata nafuu, kila anayekuja kumjulia hali humwambia: shukuru Mungu. Neno ni jema, ila likitumika kumnyamazisha linamwongezea mzigo. Anaumwa, na sasa anajiona hana imani. Kulalamika mbele za Mungu si kukosa shukrani. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza "Hata lini", na ya 88 inaishia gizani, bila mstari wa faraja mwishoni. Ayubu katika Kurani (21:83) anataja kwanza dhara lililompata, ndipo anataja rehema ya Mola wake. Fuata mpangilio huohuo: sema panapouma, kisha shukuru. Anayeruka hatua ya kwanza mara nyingi hushukuru kwa midomo tu.

Shukrani ya mgonjwa huharibika kwa kuwa pana mno. Ukiandika "nashukuru kwa uhai" kila jioni, baada ya siku chache mkono unaandika na moyo haupo. Chukua daftari, au jirekodi kwa simu kama mkono hauna nguvu, utaje mambo matatu yaliyotokea tangu jana saa kama hiyo, na kila jambo lilitokeaje. "Nimekaa ukingoni mwa kitanda dakika tano bila kizunguzungu." "Chakula cha mchana kimekaa tumboni." "Kidonda kimekauka upande mmoja, na muuguzi aliilowesha bandeji kwanza ndipo akaibandua." Siku ya homa kali, jambo moja linatosha. Siku ambayo hupati hata moja, andika tarehe na neno "nimechoka", ulale. Ukurasa huo una kazi yake: baada ya mwezi utaona siku mbaya zilikuwepo na zilipita. Jipime na wiki iliyopita, usijipime na ulivyokuwa kabla ya kuugua, maana kupona hupanda na kushuka.

Mwaka 2003 watafiti Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti ambamo watu wenye magonjwa ya neva na misuli waliandika mambo wanayoyashukuru kila siku kwa siku 21. Walilala muda mrefu zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa kazi hiyo, na waliamka wameburudika zaidi. Huo ni msaada wa usingizi na moyo. Tiba ya ugonjwa inabaki palepale.

Anayekuuguza naye mshukuru kwa tendo, si kwa jumla. "Asante kwa kunigeuza usiku ule" humfikia kuliko "asante kwa kila kitu".

Ibada nayo ipunguze iendane na nguvu ulizonazo. Kwa Mwislamu ruhusa ziko wazi: asiyeweza kuswali amesimama aswali amekaa, asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu, anayedhurika na maji atayamamu, yaani ajitwaharishe kwa udongo safi badala ya maji, na saumu ya mgonjwa hulipwa siku nyingine (Kurani 2:185). Mkristo asijilazimishe kusoma sura nzima. Mstari mmoja uliosomwa taratibu mara tatu unatosha. Mkatoliki asiogope kuomba Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ya kupakwa mafuta, akidhani ni wa wanaokata roho tu. Njia rahisi ni kufunganisha dua na saa ya dawa: vidonge mkononi, dua fupi, kisha maji. Usingizi ukikuchukua katikati ya sala, usijilaumu, maana huo ni mwili unaojijenga.

Hatari kubwa zaidi ni kuacha dawa kama ushahidi wa imani. Presha iliyoshuka mara nyingi imeshuka kwa sababu vidonge vinamezwa. Ukiviacha, inapanda tena bila hata kuuma. Soma 2 Wafalme 20: Hezekia anaomba, anaahidiwa kupona, na katika sura hiyohiyo linaletwa andazi la tini na kuwekwa juu ya jipu. Uislamu nao unahimiza kutafuta matibabu. Kama unataka kufunga na unatumia insulini au vidonge vya kisukari, muone daktari kwanza, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla.

Kuna jambo linalosahauliwa, nalo ni nadhiri. Mtu akiwa kwenye maumivu huahidi makubwa: mali, safari, saumu ndefu. Akipona hawezi kutimiza, na furaha ya uzima inageuka kuwa deni. Mhubiri 5:5 inasema ni bora usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Ahidi baada ya homa kushuka, na uahidi unachokiweza. Kama tayari umeahidi kilichokushinda, mwendee mchungaji, padri au shekhe. Kuna utaratibu wa kulitatua.

Na kama kwa wiki mbili mfululizo, karibu siku nzima, moyo ni mzito na hakuna kinachokufurahisha, usiongeze kurasa za daftari. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, ambao haupimi imani ya mtu, na unatibika. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu aliye karibu sasa hivi na mwende hospitali siku hiyohiyo. Beba dawa zako zote umwonyeshe daktari, kwa sababu baadhi yake, kama zile za jamii ya steroidi, zenyewe huweza kuvuruga hali ya moyo.