Fizi zinazotoka damu zinataka matibabu

Ukipiga mswaki na mate yakatoka mekundu, usikimbilie kubadilisha dawa ya meno. Nenda ukaonwe. Hapa Busia nawaona watu wakihama dawa moja hadi nyingine, wengine wakisugua chumvi mpaka nyama inachubuka. Kuna na wanaoacha kabisa kupitisha mswaki panapouma, na hao ndio wanaonitia hofu zaidi. Damu hiyo huletwa na utando wa bakteria ulionasa pale jino linapokutana na ufizi. Ukiachwa hapo hugeuka ukoga mgumu, na ukoga hautoki kwa mswaki hata usugue vipi.

Mama yangu mdogo ana sukari. Vidonge anameza bila kukosa, chai anakunywa bila sukari, lakini kila akienda kliniki kipimo kiko juu. Meno yake ya mbele ya chini yalikuwa yameanza kucheza. "Mwanangu, huu ni uzee tu," akawa ananiambia. Nikamwambia uzee peke yake haulegezi meno, twende.

Mahali pa kwanza walishika koleo kabla hata ya kumuuliza maswali. Tuliondoka. Kwa hiyo ukifika popote, uliza mapema: mnasafisha fizi, au mnang'oa tu? Kama kituo chenu hakisafishi, omba barua ya kwenda hospitali kubwa. Safari ni gharama, najua, ila jino likishang'olewa halirudi.

Daktari wa pili aliniruhusu nisimame pembeni. Alianza kukwangua nyuma ya yale meno ya mbele, kwa ndani, ambako mate humwagika na ukoga hujaa upesi. Vikatoka vigamba vya kahawia, vigumu kama changarawe, akawa anavipangusa kwenye shashi. Kisha akaingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi. Ufizi wenye afya hukiacha kiingie milimita 1 hadi 3. Kwa mama mdogo kilizama mpaka 6. Maana yake mfupa unaoshika jino umeanza kuliwa chini kwa chini, bila maumivu makali, na mfupa huo kwa kawaida haujijazi tena wenyewe. Ugonjwa ukiwa bado wa juu juu, damu na uvimbe tu, unapona kabisa. Ndiyo sababu nasema wahi.

Akatueleza kuhusu sukari. Sukari ikipanda, mwili unashindwa kupambana na bakteria na fizi zinaharibika haraka. Fizi nazo zikikaa na uvimbe, sumu ya uvimbe ule inaingia kwenye damu na kuifanya insulini isifanye kazi vizuri. Utafiti umeonyesha kwamba wenye sukari wakitibiwa fizi, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi 3 iliyopita (HbA1c, husomwa kwa asilimia) hushuka kwa wastani wa kama pointi 0.4 za asilimia. Kutibu fizi hakuchukui nafasi ya vidonge, lakini nafuu hiyo ni ya kweli. Mwambie muuguzi wa kliniki ya sukari kama fizi zako zinatoka damu, na mwambie daktari wa meno kuwa una sukari.

Kuhusu moyo, wenye ugonjwa wa fizi huugua moyo zaidi kuliko wengine. Hata hivyo haijathibitishwa kwamba kutibu fizi kunazuia shambulio la moyo, basi asikuuzie mtu dawa ya kusukutua kwa ahadi hiyo.

Mvuta sigara asijidanganye kwa kutoona damu, maana sigara huificha. Mjamzito asiogope kwenda kusafishwa; fizi huvimba kirahisi wakati huo. Na wewe wa presha unayemeza amlodipini au nifedipini, au wa kifafa unayetumia fenitoini, dawa hizo zinaweza kukuza fizi zikayafunika meno. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Mwonyeshe aliyekuandikia.