Kuitafuta NGC 5866 ukiwa Nairobi

Ninyi mnaoanza kutazama anga kwa darubini hapa Nairobi, jifunzeni kupanga mahali na saa kabla ya kuhangaikia ukubwa wa darubini, hasa mnapotafuta kitu cha kaskazini ya mbali kama NGC 5866, galaksi yenye umbo la dengu katika kundinyota la Joka, iliyo umbali wa takriban miaka-nuru milioni 50.

Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, galaksi hii haipandi hapa kwetu zaidi ya digrii 33 hivi. Mara ya kwanza nilikwenda Isinya, kusini mwa Nairobi, kutafuta giza, na giza nikalipata, lakini mwanga wa jiji zima ulikuwa umetanda kaskazini, palepale nilipotaka kutazama, nikarudi bila kuona kitu. Anayetafuta vya kaskazini aliache jiji mgongoni. Majira nayo yana uzito wake: jioni za Juni na Julai, galaksi hii inapokuwa juu, mawingu ya baridi huifunika Nairobi, kwa hiyo mimi huamka mwishoni mwa Februari, anga likiwa safi, na kuitazama karibu saa kumi na moja alfajiri.

Anzeni na nyota Edasich, inayoonekana kwa macho matupu, kisha sogezeni darubini digrii nne hivi kusini-magharibi, ambako kwa anayeelekea kaskazini hapa kwetu ni juu kushoto. Ramani nyingi zimechorwa kwa watazamaji wa Ulaya na Marekani. Zigeuzeni juu chini. Kwa darubini ya inchi nane mtaona kijiti cha mwanga hafifu, kinene katikati na kilichochongoka ncha zote mbili. Msikikodolee, tazameni pembeni yake kidogo, nacho kitakolea. Ule mstari mwembamba wa vumbi unaoonekana wazi katika picha za Hubble, darubini iliyoko angani, sijawahi kuuona kwa jicho langu, wala msivunjike moyo mkiukosa. Galaksi za aina hii zina sahani bapa kama zile zenye mikono ya mzunguko, ila mikono hazina, na gesi ya kuzalia nyota mpya imebaki kidogo.

Wengi huiita galaksi hii M102, yaani namba 102 katika orodha ya Messier, lakini daftarini andikeni NGC 5866, si M102, kwa sababu mwanaastronomia Pierre Méchain, aliyeiripoti M102, aliandika mwaka 1783 kwamba ilikuwa M101, galaksi nyingine ya orodha hiyo, iliyorudiwa kimakosa, na ubishi kuhusu M102 ni ipi ungalipo. Kichoreni kile kijiti hapohapo, kwa mwanga wa tochi nyekundu, kabla hakujapambazuka.