Jaribio la cpuid linapita kwenye laptop, linakwama kwenye seva
Ndugu, umeuliza kwa nini jaribio la kifurushi chako cha Debian, linalotumia cpuid (programu inayoonyesha taarifa za prosesa), linapita kwenye laptop na kukwama kwenye seva. Hapo kosa si la kifurushi, ni la jaribio. Linatafuta jina la prosesa ya laptop yako, na seva inayojenga kifurushi ina prosesa nyingine kabisa. Kwenye laptop endesha cpuid -r > prosesa.txt, ambayo inaandika taarifa ghafi za prosesa kwenye faili, weka faili hilo pamoja na majaribio, kisha jaribio liite cpuid -f prosesa.txt, inayosoma faili hilo badala ya prosesa yenyewe, na kulinganisha majibu. Hapo hata ukijenga kwenye mashine pepe, matokeo ni yaleyale. Ukipata mwenye prosesa ya AMD, mwombe faili lake pia. Kwenye faili la AMD, kuanzia namba 0x80000000 kuna taarifa ambazo Intel haitoi.

Kukwama kwenye ARM, aina nyingine ya prosesa, ni suala jingine: CPUID, agizo ambalo programu hiyo hulitumia, ni la prosesa za x86 (kama za Intel na AMD) tu. Kwenye debian/control, faili la maelezo ya kifurushi, mstari wa Architecture, toa any (aina zote za prosesa) uandike amd64 i386 (x86 za biti 64 na 32).