Barua kwa mwanangu: petali za mwaridi wa bibi yako

Wete, Pemba

Mwanangu Rukia,

Waalaykum salaam. Huku sote tu wazima. Umeniuliza kwa nini waridi la porini lina petali tano tu, na la kwa bibi yako petali zimerundikana mpaka hazihesabiki. Tena ukauliza, nani anayeiamuru petali iwe petali, isiwe stameni, ile sehemu ya kiume yenye chavua?

Nianze na karafuu. Chukua tumba bichi, lipasue kwa ukucha toka juu hadi chini. Yale meno manne ya nje ni sepali. Kile kichwa cha mviringo ni petali nne zilizofunikana, na chini yake zimejikunja stameni tele. Katikati kimesimama kijiti kimoja, ndiyo sehemu ya kike. Maua mengi yamepangwa hivyo kutoka nje kwenda ndani: sepali, petali, stameni, kapeli (ndiyo hiyo sehemu ya kike).

Siri ya mpango huo ilifichuliwa na mimea ya mbali na kwetu: Arabidopsis, gugu dogo la jamii ya haradali, na Antirrhinum, ua la bustanini Ulaya. Mwaka 1991 Enrico Coen, aliyekuwa akifanya utafiti Uingereza, na Elliot Meyerowitz wa Marekani waliweka pamoja yale waliyoyaona kwenye maua yenye kasoro. Maelezo yao ni mepesi mpaka yanatia wivu. Kuna makundi matatu ya jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli: A, B na C. A ikifanya kazi peke yake, huota sepali. A pamoja na B, petali. B pamoja na C, stameni. C peke yake, kapeli. Kwa hiyo usitafute jeni moja ya petali, hutaipata. Ni nani na nani wamekutana mahali hapo. Kazi yao ni kutoa protini zinazoshika DNA na kuwasha au kuzima jeni nyingine. (Baadaye likaongezwa kundi E, ambalo likikosekana hao watatu hawafiki popote. Hilo tuliache kwa leo.)

Sasa, A na C ni fahali wawili, hawakai zizi moja. Kila mmoja humzuia mwenziwe asivuke mpaka. Katika Arabidopsis, jeni ya C iitwayo AGAMOUS ikiharibika, A huingia mpaka ndani: pa stameni huota petali, na pa kapeli huanza ua jingine, lenye sepali na petali zake, na ndani yake jingine tena. Maana C ina kazi ya pili, ya kuliambia ua basi, inatosha.

Kwenye waridi la bustani C haikufa, ila eneo lake limesukumwa kuelekea katikati, na stameni nyingi zikageuka petali. Ushahidi uko wazi. Fungua ua la bibi yako, ukaribie moyo wake, utakuta vipetali vyembamba vilivyopinda, vingine bado vina kifuko cha chavua pembeni: nusu petali, nusu stameni. Waliochagua mawaridi hayo karne kwa karne hawakujua habari za jeni. Walipenda tu yaliyojaa.

Haya, zamu yako. Kundi B likiharibika peke yake, ua litakuwaje? Nijibu bila kufungua kitabu.

Baba yako