Tuliza mwanga kwanza: kwa anayeanza kuunda kisomaji cha bei nafuu cha vipimo vya haraka

Ndugu unayeanza kazi hii, najua kwamba kitu cha kwanza unachotamani kukishika ni programu ya kutambua mistari inayotokea kwenye kipimo cha haraka, kama cha malaria, ambayo kisomaji huisoma kwa kamera badala ya jicho. Nami nilianzia huko, na miezi mitatu ya kwanza iliishia kwenye programu ilhali kosa lilikuwa kwenye kasha. Kisomaji changu cha kwanza nilikichapa kwa plastiki nyeupe, nikakitia taa nne za LED na kamera ndogo, na mezani kwangu kilisoma vizuri. Tulipokifikisha katika zahanati moja ya wilayani, kaseti ya majaribio ileile (kaseti ni kikasha cha plastiki chenye utepe wa kipimo) ilitoa jibu moja asubuhi na jibu jingine alasiri. Aliyegundua sababu ni muuguzi aliyekuwa akikitumia: alikifunika kwa kanga yake, na namba zikatulia papo hapo. Plastiki nyeupe ilikuwa ikipitisha jua, na tundu la waya wa chaji lilikuwa likiingiza mwale mwembamba uliotua karibu kabisa na mstari wa T, yaani mstari wa jibu lenyewe. Tangu siku hiyo kasha langu huwa jeusi, ndani limepakwa rangi isiyong'aa, na tundu la waya huliweka nyuma, mahali ambapo mwanga hauwezi kufika moja kwa moja.

Ni lazima pia ujue unachokisoma. Mstari wa kipimo cha malaria si wino, bali ni chembechembe za dhahabu, kwa kawaida zenye upana wa nanomita 40 hivi, ambazo zimevikwa kingamwili na kunaswa kwenye utando wa nitroselulosi. Dhahabu ya ukubwa huo hunyonya zaidi mwanga wa kijani, kati ya nanomita 520 na 530, ndiyo maana macho yetu huiona ikiwa nyekundu. Kwa hiyo nunua taa za kijani, au kama una taa nyeupe, tumia thamani za kijani za kila pikseli peke yake. Wengi huigeuza picha kuwa ya kijivu kwa kuchanganya rangi zote tatu, wasijue kwamba katika thamani za nyekundu mstari huo karibu hauonekani, na kuzichanganya na za kijani ni kuufifisha kwa mikono yao wenyewe. Ukitumia kamera ya simu, funga kwanza urekebishaji wa mwangaza na wa rangi unaojiendesha wenyewe, kwa sababu simu hujitahidi kuipendezesha picha, nawe unataka kipimo.

Jambo lililonisumbua kuliko yote ni damu. Hemoglobini nayo hunyonya mwanga wa kijani, hivyo utando ambao bado una wekundu wa damu unaweza kuufunika mstari hafifu, au wekundu uliokusanyika vibaya ukaonekana kama mstari. Watengenezaji wa vipimo vya malaria husema soma baada ya dakika 15 au 20, kutegemea aina, na mojawapo ya sababu ni kuipa bafa, kimiminika kinachodondoshwa baada ya damu, nafasi ya kuisafisha damu hiyo. Kuchelewa nako kuna hasara yake: kaseti iliyoachwa muda mrefu huanza kukauka, umajimaji hurudi nyuma, na mstari ambao haukuwepo unaweza kujitokeza. Kwa hiyo weka saa ndani ya kisomaji chenyewe, ianze kuhesabu pale mhudumu anapobonyeza kitufe baada ya kudondosha bafa, na kikatae kutoa jibu kabla ya muda au baada ya muda kupita. Wahudumu wenye foleni ndefu mlangoni hawatakuwa na nafasi ya kutazama saa ya ukutani kwa kila mgonjwa, na kifaa kisichowasaidia katika hilo kinawaongezea kazi.

Sasa njoo kwenye mstari hafifu. Kamera ya kawaida ina ngazi 256 tu za mwangaza, na mstari hafifu unaweza kutofautiana na utando kwa ngazi mbili au tatu. Pikseli moja haitakuonyesha tofauti hiyo. Ukichukua wastani wa pikseli 100 zilizopangana sambamba na mstari, kelele ya nasibu, yaani kuyumbayumba kwa namba za kamera, hupungua mara kumi, na bonde dogo, pale mwangaza unaposhuka kwenye mstari, hujichomoza kwenye mchoro wa mwangaza. Chora mstari ulionyooka kutoka bega moja la bonde hadi jingine, kisha upime eneo lililo kati ya mstari huo na bonde. Usipime kina cha pikseli moja iliyo nyeusi kuliko zote. Haya yote hutegemea kaseti kukaa palepale kila mara. Pachika springi ndogo inayoisukuma kwenye kona moja, kwani kaseti inayocheza hata nusu milimita itakuharibia hesabu.

Weka pia kipande cheupe ndani ya kasha na ukisome kila mara kabla ya kaseti, maana taa ya LED hupungua mwanga inapopata joto na betri inaposhuka.

Kuhusu mpaka kati ya chanya na hasi, soma kwanza kaseti hasi nyingi, angalau thelathini na za bechi zaidi ya moja, uone namba zao zinatawanyika kiasi gani kabla ya kuchagua mpaka. Katika kipimo cha malaria mstari wa T hata ukiwa hafifu ni chanya, mradi mstari wa C, unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, upo. Mpaka wako usije ukaipinga kanuni hiyo kimyakimya. Kwa vipimo vya kushindana, ambapo kinachotafutwa huuzuia mstari kutokea, kama vile vya kutafuta dawa za kulevya kwenye mkojo, kanuni hugeuka: mstari ukitokea ni hasi. Na kuna mambo ambayo mwanga hauwezi kuyatatua. Protini ya vimelea iitwayo HRP2, ambayo vipimo vingi vya malaria huitafuta, hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuuawa na dawa, na Eritrea ililazimika kuacha vipimo vinavyotegemea HRP2 mwaka 2016 kwa sababu vimelea vingi huko havikuwa na jeni zake. Hapo kisomaji kitasoma sawasawa kile kilichopo kwenye utando, na mgonjwa bado atakuwa hajahudumiwa ipasavyo.

Mwisho, jitengenezee kaseti za kuigiza: karatasi nyeupe yenye mistari ya wino wa majenta wa ngazi tofauti, kwa kuwa majenta hunyonya kijani kama dhahabu. Mwachie mhudumu tatu kati ya hizo, moja tupu, moja hafifu na moja iliyokolea, azisome kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza na kuandika namba zake daftarini. Unapotembelea zahanati, fungua daftari hilo kabla ya kufungua kasha.